Uzito ukipelekwa pembeni, bei hupanda: Somo la biashara ya fimbo za gofu

KICHWA cha fimbo ya gofu inayotumika kusukumia mpira shimoni kina uzito wa gramu 350 hivi. Mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, na fedha atakayokupa haitakutosha hata nauli ya kurudi nyumbani.

Chuma hicho hicho, kikishatiwa mpini na kupigwa chapa inayojulikana, huuzwa huko Marekani kwa dola 400 na zaidi.

Tofauti ya bei hizo mbili haitokani na chuma. Inatokana na mahali gramu hizo zilipowekwa, na mistari michache iliyochorwa juu yake ili jicho lisikosee shabaha.

Mada hii inamhusu mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa kwa sababu amesikia kampuni fulani ina "wazo zuri". Inamhusu pia mfanyabiashara anayeuza bidhaa ambayo thamani yake haipimwi kwa mizani ya dukani. Wote wawili wanapaswa kujiuliza swali moja: wazo likiwa bora, faida yake humfikia nani?

Kabla ya kufika kwenye hisa, tuielewe kwanza bidhaa yenyewe. Asiyejua anachonunua hawezi kujua bei yake halali.

Nusu ya mchezo

Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Nyingi kati ya hizo ni za kupiga mpira mbali. Moja tu ndiyo ya kusukumia mpira kwenye majani yaliyokatwa mafupi kuzunguka shimo, pale wachezaji wanapopaita grini.

Uwanja wa kawaida una mashimo 18, na wengi hupangiwa kiwango cha mapigo 72. Katika kiwango hicho, kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kusukuma. Jumla yake ni 36, yaani nusu ya mchezo mzima.

Kwa maneno mengine, fimbo moja kati ya 14 imepewa nusu ya kazi. Ndiyo maana mchezaji aliyekosa shimo mara tatu kwa siku moja huwa tayari kufungua mkoba wake jioni hiyo hiyo. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri.

Kosa lenye unene wa sarafu

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Mpira una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Kwa macho ya mtazamaji, nafasi hiyo ni kubwa mno kukosa.

Hesabu inasema vingine. Mchezaji akiwa mita 3 kutoka shimoni, uso wa fimbo ukigeuka kwa digrii 1 tu, mpira utapita sentimita 5.2 pembeni ya katikati ya shimo. Nusu ya upana wa shimo ni sentimita 5.4. Maana yake ni kwamba digrii 1 inaupeleka mpira ukingoni kabisa, na ikizidi kidogo tu umekosa.

Digrii 1 ni kiasi gani? Kwenye uso wa fimbo wenye upana wa sentimita 10, ni pale upande mmoja unapotangulia mwingine kwa milimita 1.75. Huo ni kama unene wa sarafu.

Hapo ndipo penye biashara yote. Anayebuni kichwa cha fimbo anapambana na makosa mawili. La kwanza ni la mkono: mchezaji hapigi katikati, na kichwa kinasokoteka. La pili ni la jicho: mchezaji anadhani ameelekea shimoni kumbe ameelekea kando.

Kosa la kwanza hutibiwa kwa mgawanyo wa uzito. La pili hutibiwa kwa umbo na mistari.

Mhandisi na vipande vya sukari

Mtu aliyeigeuza tiba ya kwanza kuwa biashara kubwa ni Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akakulia Seattle, Marekani, na kabla ya uhandisi alifanya kazi ya ushonaji viatu.

Solheim alianza kucheza gofu akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alipokuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Alikuwa dhaifu hasa katika kusukuma mpira. Badala ya kulaumu mkono wake, aliichunguza fimbo.

Fimbo za wakati ule nyingi zilikuwa kipande chembamba cha chuma ambacho uzito wake ulijaa katikati. Inasimuliwa kwamba alitengeneza mfano wake wa kwanza kwa vijiti vya aiskrimu vilivyogandishwa kwenye vipande vya sukari, akaona kuwa uzito ukikaa kwenye ncha mbili, kichwa hakisokoteki ovyo.

Mwaka 1959, akiwa Redwood City, California, alitoa fimbo yake ya kwanza. Ilipogonga mpira ilitoa mlio wa "ping", na mlio huo ukawa jina la biashara. Kazi ilifanyika gereji ya nyumbani, nje ya saa za ajira.

Mwaka 1966 alibuni fimbo iliyokuja kuvuma kuliko zote, Anser. Jina lilipendekezwa na mkewe, Louise, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "jibu". Herufi moja iliondolewa ili jina litoshe kwenye chuma.

Mwaka 1967 Julius Boros alishinda mashindano ya Phoenix Open akitumia Anser. Mwaka huo huo Solheim aliacha kazi General Electric na kuanzisha kampuni yake, Karsten Manufacturing, mjini Phoenix. Mwaka 1969 George Archer alishinda mashindano makubwa ya Masters akiwa na fimbo hiyo hiyo.

Mfanyabiashara aangalie mpangilio wa tarehe. Toka fimbo ya kwanza hadi kuacha mshahara ni miaka minane. Mhandisi huyu hakuruka kabla ya kupima kina cha maji.

Ufimbo na mifuko miwili ya sukari

Kanuni aliyoitumia Solheim inaweza kujaribiwa nyumbani. Chukua ufimbo, ning'iniza mifuko miwili ya sukari ya nusu kilo karibu na kiganja chako, mmoja kila upande, kisha uzungushe mkono. Utazunguka kwa urahisi. Sogeza mifuko kwenye ncha za ufimbo, uzungushe tena. Uzito ni ule ule, lakini ufimbo umekuwa mkaidi.

Ukaidi huo wanafizikia huuita momenti ya inesha. Siri yake ni kwamba umbali una nguvu kuliko uzito. Ukiongeza uzito mara mbili, ukaidi huongezeka mara mbili. Ukiongeza umbali mara mbili, ukaidi huongezeka mara nne.

Tufanye hesabu kama ya dukani. Chukua vichwa viwili vya gramu 350. Katika cha kwanza, uzito umegawanywa sehemu mbili zilizo sentimita 2 kutoka katikati. Katika cha pili, sehemu hizo ziko sentimita 4 kutoka katikati.

Mchezaji wa mita 10 kutoka shimoni anagonga mpira sentimita 1.5 nje ya katikati. Hilo ni kosa la kawaida kwa asiye bingwa. Tukichukulia kwamba mpira unakwenda umbali unaolingana na mraba wa mwendo wake, hesabu inatoa matokeo haya:

Kwa kichwa cha kwanza, mpira unapungukiwa na takriban mita 1 na sentimita 20.

Kwa kichwa cha pili, unapungukiwa na takriban sentimita 30.

Mchezaji aliyebakiwa na sentimita 30 anamalizia bila wasiwasi. Aliyebakiwa na mita moja na zaidi, moyo unamwenda mbio. Chuma ni kile kile na gharama ya malighafi haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali pa uzito.

Kanuni hiyo ndiyo iliyovifanya vichwa vikue. Mwaka 1986 Jack Nicklaus, akiwa na umri wa miaka 46, alishinda Masters kwa fimbo ya kampuni ya MacGregor yenye kichwa kikubwa cha alumini. Alumini ni nyepesi, kwa hiyo mbunifu anaweza kupanua umbo bila kuzidisha uzito. Waliokuwa wakicheka ukubwa wake walinyamaza, na maagizo yakafurika.

Siku hizi mbunifu huchanganya metali. Katikati huweka alumini au huacha uwazi, pembeni huweka chuma cha pua au tangsteni, ambayo ni nzito sana kwa ujazo mdogo. Vichwa vyenye mabawa nyuma, kama vya jamii ya Spider vya kampuni ya TaylorMade vilivyoanza kuuzwa mwaka 2008, vimejengwa kwa wazo hilo. Scottie Scheffler alihamia fimbo ya jamii hiyo mwezi Machi 2024, na wiki ile ile akashinda mashindano ya Arnold Palmer Invitational.

Mizani ya aina tatu

Uzito wa pembeni peke yake hautoshi. Kuna suala la jinsi kichwa kinavyoning'inia kwenye mpini.

Mfanyabiashara anayenunua fimbo zilizotumika anaweza kupima bila chombo chochote. Laza mpini juu ya kidole kimoja mpaka fimbo itulie, halafu tazama kichwa.

Ikiwa uso wa fimbo umeelekea juu kama sahani mezani, fimbo hiyo imesawazishwa usoni. Kwa kawaida huwafaa wachezaji wanaorudisha na kupeleka mkono kwa mstari ulionyooka.

Ikiwa ncha ya kichwa imeinama chini, fimbo hiyo ni ya ncha nzito. Huwafaa zaidi wale ambao mkono wao huchora upinde, kwa kuwa kichwa hufunguka na kufunga chenyewe pamoja na mkono. Anser na ndugu zake wengi wako kundi hili.

Aina ya tatu imepata umaarufu miaka ya karibuni. Hapa kichwa kimesawazishwa kwa namna ambayo fimbo ikishikwa kwa mwinamo wake wa kuchezea, hakigeuki kulia wala kushoto. Jaribio la kidole halitoshi kuitambua. Inabidi fimbo ishikwe kwa mwinamo wake na kuachwa ibembee huku uso ukitazamwa.

Kampuni ndogo ya L.A.B. Golf ya jimbo la Oregon ndiyo iliyoifanya aina hii ijulikane. Lucas Glover alishinda mara mbili mwaka 2023 akiwa na fimbo yao. Mwezi Juni 2025 J.J. Spaun alishinda mashindano ya US Open huko Oakmont kwa kuutia mpira shimoni kutoka karibu mita 20 kwenye shimo la mwisho, naye alikuwa ameshika fimbo ya kampuni hiyo.

Hapana fimbo iliyo bora kwa kila mtu. Muuzaji anayemwambia kila mteja kwamba hii ndiyo yenyewe, anauza maneno.

Jicho nalo hudanganywa

Tuje kwenye kosa la pili. Mchezaji husimama juu ya mpira huku macho yake yakitazama chini kwa upande. Kutoka pale, mstari ulionyooka unaweza kuonekana umepinda.

Wabunifu wamejaribu njia nyingi. Wapo wanaochora mstari mmoja mrefu unaoanzia usoni kwenda nyuma. Wapo wanaochora nukta tu, kwa hoja kwamba mistari mingi humchanganya mchezaji. Wapo wanaotumia rangi mbili zinazopingana, kama nyeupe na nyeusi, ili ukingo wa uso uonekane wazi.

Wazo lililouza sana ni la mipira. Dave Pelz, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi katika shirika la anga la NASA, alibuni katika miaka ya 1980 fimbo yenye duara tatu nyeupe nyuma ya uso, zenye ukubwa wa mpira. Mchezaji akiweka mpira wake mbele, anaona mipira minne imepangwa mstari mmoja. Ikipinda, anajua mara moja.

Wazo lilikuwa zuri, lakini liligonga mwamba wa sheria. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kinataka upana wa kichwa toka kisigino hadi ncha uwe mkubwa kuliko urefu wake toka usoni hadi nyuma. Duara tatu ziliirefusha fimbo kupita upana wake, ikakataliwa.

Mwaka 2001 chapa ya Odyssey, iliyokuwa mali ya Callaway, ilitoa fimbo yenye duara mbili badala ya tatu. Sheria ikatimizwa. Fimbo hiyo ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana katika historia ya mchezo huo. Pengo kati ya bidhaa iliyokataliwa na bidhaa iliyovuma lilikuwa duara moja.

Sheria ni sehemu ya soko

Mwekezaji asiyesoma sheria za sekta anayowekea fedha anacheza bahati nasibu. Gofu ina ushahidi wa zamani.

Mwaka 1904 Walter Travis, Mmarekani, alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza huko Sandwich. Alitumia fimbo ambayo mpini wake uliingia karibu na katikati ya kichwa badala ya kisiginoni. Aliyeibuni ni Arthur Knight wa mji wa Schenectady, New York, naye pia mhandisi wa General Electric.

Mwaka 1910 chama kinachosimamia mchezo huo Uingereza, R&A, kilizipiga marufuku fimbo za namna hiyo. Marekani hazikukatazwa. Marufuku hiyo ilidumu mpaka sheria za pande mbili zilipounganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwa hiyo bidhaa moja ilikuwa halali upande mmoja wa bahari na haramu upande wa pili kwa takriban miaka 40. Aliyejaza ghala London kwa kufuata habari za ushindi angebaki na mzigo.

Siku hizi sheria hutaja mpaka vipimo: upana wa kichwa usizidi milimita 177.8, na kimo kisizidi milimita 63.5. Ndani ya vipimo hivyo ndimo wabunifu wote wanamogombania nafasi.

Faida humfikia nani?

Sasa tufike sokoni. Mtu ameona kwenye televisheni fimbo fulani imeshinda, anataka hisa za mtengenezaji kesho yake asubuhi. Atakutana na mambo matatu.

Kwanza, huenda hisa hizo haziuzwi. Kampuni aliyoianzisha Solheim, ambaye alifariki mwaka 2000, imebaki mikononi mwa familia yake. Haipo katika soko la hisa. L.A.B. Golf nayo haikuwahi kuuza hisa kwa umma. Mwaka 2025 ilinunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa L Catterton, kwa bei ambayo vyombo vya habari viliitaja kuwa zaidi ya dola milioni 200. Mwekezaji mdogo alibaki mtazamaji.

Pili, hisa zikiwepo, fimbo ya kusukumia ni sehemu ndogo ya kampuni. Acushnet, iliyoingia soko la New York mwaka 2016, ndiyo yenye fimbo mashuhuri za Scotty Cameron. Lakini anayenunua hisa yake ananunua pia mipira ya Titleist, viatu vya FootJoy na mengineyo. Fimbo ikivuma, hisa inaweza isitikisike.

Callaway ni mfano wenye maumivu zaidi. Mwaka 1997 iliinunua biashara ya Odyssey kwa dola milioni 130, na miaka minne baadaye ikavuna fimbo ya duara mbili. Lakini mwaka 2021 iliungana na Topgolf, biashara ya kumbi za burudani ya gofu. Hisa iliyopita dola 30 mwaka ule ilikuwa chini ya dola 10 katika nusu ya kwanza ya 2025, na mwishoni mwa 2025 kampuni ikatangaza kuuza sehemu kubwa ya Topgolf. Aliyenunua hisa kwa kupenda fimbo aliumizwa na kumbi.

Tatu, wazo huigwa. Mvumbuzi hulindwa na hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa muda maalumu. Marekani muda huo kwa uvumbuzi ulikuwa miaka 17 tangu hataza kutolewa. Tangu mwaka 1995 umekuwa miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Ukiisha, mlango uko wazi.

Tazama Anser. Umbo lake limeigwa na karibu kila mtengenezaji duniani. Hata fimbo ya Scotty Cameron aliyoitumia Tiger Woods kushinda mashindano makubwa 14 kati ya 15 aliyoyashinda ni ya ukoo huo wa umbo. Mwaka 2021 fimbo moja ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili yake iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 390,000. Hapo fedha haikulipia umbo. Ililipia jina.

Hata kabla hataza haijaisha, washindani hupita pembeni. Baada ya L.A.B. Golf kuvumisha fimbo isiyogeuka, kampuni kubwa zikiwemo Odyssey na TaylorMade zilikuwa sokoni mwaka 2025 na fimbo zao za kundi hilo. Mdogo alilima, wakubwa wakaja kupanda pembeni ya shamba lake.

Kwa muuzaji wa rejareja

Nchi zetu nazo zina soko la bidhaa hii, ingawa ni dogo. Gofu huchezwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na miji mingine, na mashindano ya wazi ya Kenya yamekuwepo tangu mwaka 1967. Fimbo huagizwa kutoka nje, na zilizotumika hubadilisha mikono kila mara. Anayefikiria kuingia katika biashara hiyo azingatie yafuatayo.

Pima mizani kwa kidole kama tulivyoeleza, na umwambie mteja ukweli kuhusu aina anayonunua. Mteja aliyepewa fimbo isiyomfaa hatarudi.

Weka fimbo sakafuni penye mstari wa vigae. Uso wake ukae wima dhidi ya mstari, na alama za juu ziende sambamba nao. Alama iliyopinda kwa unene wa sarafu, kama tulivyoona, inatosha kukosesha shimo.

Kagua shingo ya kichwa. Fimbo iliyopigwa chini kwa hasira hupinda hapo, na mizani yote huharibika bila kuonekana kwa haraka.

Jihadhari na bandia. Chapa ghali ndizo zinazoigwa zaidi. Herufi zilizochongwa bila kina sawa, rangi iliyovuja nje ya herufi na bei iliyo chini kupita kiasi ni dalili za kutosha za kuacha mzigo kwa mwenyewe.

Na kwa fundi anayebuni chochote, liwe jembe, jiko au mkokoteni: hadithi ya Solheim inaonyesha kwamba mara nyingine huhitaji malighafi mpya, unahitaji kuiweka ile uliyo nayo mahali tofauti. Ukipata wazo la namna hiyo, ulinde mapema kabla hujaonyesha watu. Tanzania Bara hataza na alama za biashara hushughulikiwa na BRELA, na Kenya na KIPI.

Neno la mwisho kwa mwekezaji

Kabla ya kununua hisa kwa sababu ya bidhaa moja inayovuma, jiulize maswali manne. Kampuni yenye bidhaa hiyo iko sokoni kweli? Bidhaa hiyo ni sehemu gani ya mapato yake? Haki ya kulinda wazo imebakiwa na miaka mingapi? Na sheria ya sekta ikibadilika, bidhaa itabaki halali?

Ukikosa jibu la hata moja, subiri. Fimbo iliyoshinda juzi itaendelea kuuzwa wiki ijayo, na hisa pia. Mchezaji asiye na haraka hupima mwelekeo mara mbili kabla ya kuugusa mpira, na mwenye fedha chache hana sababu ya kufanya haraka kuliko yeye.